Mpundu Aliyebebwa na Tumbili

Kila asubuhi niliogesha watoto wawili katika beseni moja. Wa kwanza alikuwa mwanangu wa kiume, wa miaka minne, mwingi wa mateke na malalamiko kuhusu sabuni. Wa pili alikuwa wa mti, mdogo kiasi cha kulala kiganjani, na huyo hakulalamika hata siku moja. Nilimsugua mgongo, nikamfuta kwa kitenge, nikampaka mafuta ya mawese mpaka akang'aa, kisha nikamlaza juani ubavuni mwa kaka yake. Majirani zangu Wabemba walipita na ndoo kichwani wakanisalimu, "Mwashibukeni, Ba Nampundu," yaani mama wa mapacha. Waliniona nikiogesha mti na hawakuuliza kitu, kwa sababu kwao pia pacha si mtoto wa mchezo.

Kwetu ng'ambo ya mpaka, upande wa Moba na Pweto, pacha mmoja akifa anayebaki huvutwa amfuate. Kwa hiyo ndugu wa familia huchonga kisanamu cha mti, nacho huitwa mpundu, kama pacha mwenyewe. Analala kitanda kimoja na mwenzake aliye hai. Anaoga naye. Tonge la kwanza linagusishwa mdomoni mwake, la pili ndilo la mtoto. Na mama haruhusiwi kulia. Pacha aliyebaki akisikia mama yake anamlilia mwenzake, atadhani huko ndiko anakopendwa zaidi, naye ataondoka.

Binti yangu alikufa kwa homa njiani, kabla hatujafika Pweto, tukiwa tunakimbia vita. Tulimzika kando ya shamba la mihogo la watu nisiowajua. Nilipofungua mdomo nilie, mama mkwe wangu aliuziba kwa kiganja chake, akanishikilia hivyo mpaka pumzi ikatulia, huku kaka wa marehemu akinyonya kifuani pangu. Kisha tukaendelea na safari, tukavuka mpaka, tukaingia Chienge, na mwishowe tukashuka hadi Nchelenge. Huku ndiko kaka yake mama mkwe alikomchonga mpundu, kabla naye hajatuaga.

Basi nilikuwa na binti wa mti. Jumapili niliimba kanisani sauti ya pili, na siku nyingine nilimlisha mpundu uji. Sikuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Mungu ametuona tulikopita, na sidhani kama mtoto wa mti ndiye aliyekuja kumshangaza.

Nyumba yetu iko pembeni ya mji, mahali mashamba yanapoteremka kuelekea ziwani. Katikati ya shamba letu na maji kuna kijito kinachopita ndani ya kichaka kizito chenye unyevu, ambacho wenyeji wanakiita mushitu. Alasiri, upepo wa ziwa Mweru unapanda hadi mlangoni ukiwa na harufu ya dagaa wanaokauka. Wakati wa mvua, jua likichomoza kati ya wingu na wingu, mvuke unainuka ardhini na kila kitu kinakosa mipaka yake: mihogo, ukuta, mbuzi wa jirani. Saa hizo mimi hukaa kwenye mkeka nikiwa nusu nimelala, na mara nyingi nilikuwa naona watoto wawili wakicheza uani badala ya mmoja. Sikuwahi kujiamsha haraka.

Ilikuwa miezi ile ambayo serikali inafunga ziwa ili samaki wazaane. Mume wangu ni mfanyabiashara wa samaki, anawachukua Mununga na Chienge na kuwapeleka mbali, na ziwa likifungwa anabaki nyumbani akinikagua. Mwanaume asiye na kazi ataona hata chumvi imekaa vibaya. Safari hii jicho lake lilitua kwa mtoto. Mwanetu alikuwa amejifunza kumfunga mpundu mgongoni kwa kipande cha kitenge, kama ninavyofanya mimi na watoto wachanga wa majirani, na alitembea naye hivyo barabarani, akimtikisa taratibu na kumnong'oneza. Vijana wa gengeni walikuwa wamecheka.

Siku moja mume wangu alitoka sokoni Kashikishi na lori la waya, lenye magurudumu yaliyokatwa kwenye soli za ndala kuukuu. Akalitua mbele ya mtoto kwa heshima zote, kisha akanigeukia na simu mkononi. Alikuwa ametazama video ya tumbili waliopewa wanasesere na magari.

"Kuko bazungu ba masomo balipima makako," aliniambia. "Balibapatia pupe, balibapatia na motoka. Makako mwanaume anakamata motoka. Makako mwanamuke anakamata pupe. Donc ni mambo ya damu. Ata makako anajua, Mama Mapasa." Ndivyo anavyoniita, mama wa mapacha.

"Na ku makako, nani anapikaka bukari?" nikamuuliza, mwiko wa ugali mkononi.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa akimenya mihogo, hakuinua uso. "Mwana yangu, ule haiko pupe. Ule ni dada yake. Kama unataka kuzika mutoto mara ya pili, uanze na kunizika miye."

"Sikusema kuzika, mama."

"Uliwaza."

Kweli aliwaza, na ninamjua. Lakini sikuweza kumchukia, kwa sababu yeye ndiye aliyechimba lile kaburi kwa mikono yake kando ya mihogo ya watu, na kila akimwona mpundu anaona udongo ule. Alitaka mtoto wake mmoja aliye hai awe hai kabisa, acheze na kitu chenye magurudumu, apigane na wenzake, arudi na goti lililochunika. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," aliniambia kwa Kiswahili safi cha redio, halafu akatoka nje kwenda kutazama mawingu.

Maneno yake kuhusu tumbili hayakuniacha. Alasiri ile, kwenye mkeka, niliwawaza hao wanyama wa kwenye video katika uwanja wao wenye uzio. Nilimwona jike amepewa kitu chenye uso kisicho na harufu ya maziwa. Anakigeuza, anakinusa kinywani, anatazama huku na huku kana kwamba mwenye nacho yuko karibu. Pengine wenye elimu waliona walichokiona, sina ugomvi nao. Nilichotaka kujua ni jambo jingine, kama yule jike alikiacha kitu hicho kwa urahisi walipokuja kumnyang'anya. Mume wangu alisema video haikufika huko.

Mtoto naye alitatua mashauri yetu kwa njia yake. Alimchukua mpundu, akamlaza ndani ya lori, akamfunika kwa jani la mgomba, akamwendesha kuzunguka nyumba akinguruma kwa mdomo. Kila alipopita mlangoni alisimama na kutangaza, "Dada anaenda Lubumbashi." Baba yake alijitahidi kununa, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

Siku iliyofuata jua lilitoka ghafla baada ya mvua ndefu, na kila mama wa mtaa wetu alikimbia kuanika mihogo. Nilimwogesha mpundu harakaharaka, nikampaka mawese mengi kuliko kawaida kwa sababu mvua ilikuwa imemkausha na nyufa zilianza kuonekana. Uji wenye sukari ulikuwa bado mdomoni mwake. Nikamlaza kwenye mkeka, katikati ya mihogo, apate joto. Ni sisi tu, watu wa mpundu, tunaoweza kufanya kosa la namna hiyo, la kumlisha mti vizuri hadi unanukia chakula, kisha kumlaza nje mahali tumbili wanapopita.

Sikumsikia akija. Nilikuwa katika usingizi ule wa mvuke, na niliona mkono mwembamba mweusi ukishuka kwenye mkeka kwa upole, nikadhani ni mkono wa binti yangu aliyekua. Nilipofumbua macho sawasawa, tumbili alikuwa ameshafika kwenye ukingo wa shamba, anakimbia kwa miguu mitatu, na mguu wa nne umemkumbatia mpundu kifuani. Kisha majani ya mushitu yakajifunga nyuma yake.

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Alitazama mahali majani yalipojifunga mpaka nikamwinua na kumwingiza ndani.

Jioni nilipika bukari na samaki, nikafinyanga tonge la kwanza, nikabaki nalo mkononi bila mdomo wa kuligusisha. Nikampelekea yeye. Akageuza uso.

"Dada hayakula," alisema, yaani bado hajala.

Alikataa asubuhi iliyofuata na mchana wake. Alikunywa maji tu, na usiku alilala upande wake wa kitanda bila kuuvuka, kana kwamba nafasi ya mwenzake ina mtu. Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimtoboa kidole, akasema hana malaria, akaniambia nimlishe. Nilitamani kumtupia kiti. Mwili wa mtoto ulianza kuwa mwepesi mikononi mwangu, na wepesi ule nilikuwa naujua, nilishaubeba njiani. Niliogopa kuliko nilivyoogopa bunduki.

"Tutachonga mungine," mume wangu alimwambia mama yake.

"Mutu hazalake mutoto moja mara mbili," alijibu. "Na mwenye kumuchonga alishakufa. Mumutafute."

Hapo ndipo nilipomwona mume wangu akibadilika. Yeye aliyetaka mpundu aondoke ndiye aliyeingia mushitu na panga, akatoka na matope hadi kiunoni na mikwaruzo usoni, akaingia tena. Alipochoka alikaa chini na kufikiri, na alifikiri kwa kutumia video yake. Aliyemchukua mpundu ni jike, alisema, lazima ni jike, dume angefanya naye nini. Basi tumshonee pupe wa kitambaa, mzuri zaidi, laini zaidi, tumweke kando ya shamba na karanga kidogo, na jike akija kumchukua atamwachia huyu wa mti, maana mama hana mikono ya kubeba wote. Na madume wasituharibie mpango, tuwawekee lori.

Ulikuwa mpango wa mtu aliyekosa usingizi, lakini hakuna aliyekuwa na mwingine. Nilimshona pupe kwa kitenge changu cha kanisani, nikamjaza mabaki ya vitambaa, nikamtia macho kwa uzi mweusi. Sindano ilinichoma mara nyingi. Mama mkwe alisema macho hayalingani, kisha akanishikia taa karibu.

Asubuhi tulikaa wote wanne katika kibanda cha kulindia mahindi, mwanangu kwenye mapaja yangu, kichwa chake kizito begani. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka ziwani ukafunika kila kitu. Mahindi yalionekana kana kwamba hayana miguu. Tulisikia kwanza matawi, kisha wakaanza kushuka mmojammoja, wa kijivu ndani ya kijivu, nyuso zao nyeusi ndizo zilizotangulia kuonekana.

Jike mwenye kichanga tumboni alifika kwanza. Alimpita pupe wangu bila kumtazama, akaenda kwenye lori. Akaligusa gurudumu kwa kidole, likazunguka. Akarudia. Kichanga naye akanyoosha mkono kutoka tumboni, nao wakakaa hapo, mama na mwana, wakizungusha gurudumu la ndala. Mume wangu alishusha pumzi polepole.

Halafu dume kubwa likaja, la yale yenye makende ya buluu, ambayo hakuna anayehitaji elimu kuyatambua. Lilimwokota pupe wa kitenge changu cha kanisani, likamnusa kwapani, likatazama nyasi zilivyolowa. Kisha likamweka chini na kumkalia.

"Ule hayaangalia telefone yako," mama mkwe alinong'ona.

"Mama, tafadhali."

"Mi nasema tu."

Ningecheka kama si uzito ule begani mwangu. Karanga zilikuwa zinaisha, na mpundu hayupo. Nilianza kumwomba Mungu, na maombi yangu hayakuwa na adabu.

Mwanangu ndiye aliyemwona kwanza. Aliinua kichwa. Juu ya tawi lililoegemea shamba alikaa tumbili mmoja mwembamba, dume kijana, ambalo bado halijapata ukubwa wake, na mapajani mwake alikuwa mpundu. Alimlamba shingo, kwenye ufa ambao mafuta yalikuwa yameingia. Akamlamba mdomo. Kisha alipomaliza mafuta na uji wote, hakumtupa. Alimgeuza, akamwinamisha kichwa, na kwa vidole vyake vyembamba akaanza kumpekua utosini, taratibu, pale fundi alipochonga nywele, kama wanavyopekuana wao kwa wao. Sijui alikuwa anafanya nini. Pengine alitafuta tone la mwisho la mawese. Mimi nilimwona mtu anayemchana mtoto nywele kabla ya kwenda kanisani, na nilimwonea wivu.

"Anamutafuta chawa," mwanangu alisema.

Alitazama kwa muda mrefu. Mdomo wake ulikuwa umekauka, na aliulamba.

"Dada alishakula," alisema. "Mama, unipe karanga."

Mume wangu alikuwa na karanga mfukoni. Alizitoa, akazimenya, na mtoto akazila moja baada ya nyingine bila kuondoa macho kwenye tawi. Nilisikia kila moja ikivunjika kati ya meno yake. Mama mkwe alifunika uso kwa kitenge chake. Hofu ilinitoka mwilini kwa ghafla kiasi kwamba nilidhani nitaanguka kutoka kibandani.

Ukungu ulianza kukatika. Yule tumbili kijana alipiga miayo, akasimama, akajikuna, na mpundu akateleza mapajani mwake akaanguka kwenye matope. Hakumfuata. Kundi lote lilirudi mushitu bila haraka, na dume kubwa likaacha nyuma pupe aliyebapa.

Nilikimbia. Nilimwokota binti yangu, nikamfuta kwa nguo niliyovaa. Alikuwa na alama za meno begani na sikio moja limetafunwa, lakini uso ulikuwa mzima. Nilirudi nikiwa nacheka, nikamnyooshea mwanangu pale kibandani.

"Dada amerudi. Mukamate."

Alikuwa bado anatafuna. Alimtazama mpundu, akanitazama mimi, akausukuma mkono wangu urudi kifuani pangu, bila ukali wowote, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

"Wee chunga, mama," alisema. "Ni mutoto yako."

Akashuka kibandani, akaenda kulichukua lori lake.

Nilibaki nimesimama. Miaka yote ile alikuwa pacha wa mtu, dada wa mtu. Mama mkwe alimwita mpundu, mume wangu alimwita kile kitu, wazungu wa msaada waliotuandikisha mpakani hawakumwita chochote. Mimi mwenyewe nilimwogesha kwa ajili ya kaka yake, nilimlisha kwa ajili ya kaka yake, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ni mtoto wangu. Kilio kilipanda, nami kwa mazoea nikaweka kiganja mdomoni na kukibana.

Mama mkwe wangu aliniona. Alitazama kile kiganja changu, kisha akamgeukia mwanawe.

"Kamata kinga," alimwambia, yaani baiskeli. "Peleka mutoto ku ziwa."

"Sasa hivi, mama? Hayakula muzuri."

"Atakula samaki ya kuchoma kule. Mupeleke mbali. Mpaka fasi ya mapirogi, usirudie mbio."

Mume wangu alitutazama sote wawili na akaelewa. Alimpandisha mtoto mbele, lori kwenye usukani, wakateremka njia ya ziwani kuelekea kwenye mitumbwi. Kengele ilisikika kwenye kona ya kwanza, ikasikika tena mbali zaidi, karibu na kanisa. Mama mkwe alisimama ameinamisha kichwa, akisikiliza, kiganja kimoja hewani kunizuia. Upepo uligeuka. Kengele haikusikika tena, wala sauti ya mtoto.

Alikaa kwenye majani yenye unyevu, akanivuta nikakaa mbele yake na binti yangu mikononi, akautoa mkono wangu mdomoni.

"Sasa lia," alisema. "Hasikii."